Reubeni aliulizwa, hakulaaniwa

Mhariri,

Wahubiri wanaotaka kuwaamsha waumini waliopoa huipenda sana sura ya 5 ya kitabu cha Waamuzi. Humtaja Reubeni aliyebaki zizini wakati ndugu zake wakienda vitani, kisha kwa pumzi ileile hutaja laana, na msikilizaji huondoka akiamini kwamba Debora, nabii na mwamuzi wa Israeli aliyeuimba wimbo huo, aliyalaani makabila yaliyokosa kufika. Hakuyalaani. Laana imo katika aya ya 23, nayo inauangukia mji mmoja tu, Merozi. Reubeni yuko katika aya ya 15 na ya 16, na alichopewa ni swali. Kati yake na laana zimesimama aya sita nzima. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini aya hizo zisirukwe.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoteleza mapema. Sura ya 4 inasimulia vita vilevile, vya Israeli dhidi ya Wakanaani na jemadari wao Sisera, kwa lugha ya masimulizi, na humo makabila yaliyoitwa ni mawili, Naftali na Zabuloni, watu 10,000 waliopanda mlima Tabori pamoja na Baraka mwana wa Abinoamu. Sura ya 5 ni wimbo, nao unataja makabila 10. Sita yalikuja: Efraimu, Benyamini, Makiri, Zabuloni, Isakari na Naftali. Manne hayakuja: Reubeni, Gileadi, Dani na Asheri. Yuda, Simeoni na Lawi hawamo kabisa, hawasifiwi wala hawalaumiwi. Mtu asione mgongano hapa. Wale 10,000 ndio jeshi la mlimani lililoanzisha mapigano, na wimbo unawakumbuka pia walioingia baadaye au waliopigania upande wa bonde. Isakari, kwa mfano, katika aya ya 15 anateremka bondeni nyuma ya Baraka.

Makiri huwachanganya wasomaji. Ni mzaliwa wa kwanza wa Manase (Yoshua 17:1), na jina lake hapa limesimama badala ya Manase wa magharibi ya Yordani. Gileadi ni jina la nchi iliyo ng'ambo ya mashariki, walikokaa Gadi na sehemu nyingine ya Manase. Kwa hiyo kabila moja la Manase limepasuka katika wimbo huu, upande mmoja ukashuka vitani na mwingine ukabaki. Kilichomsukuma Makiri kinaonekana ukirudi Waamuzi 1:27. Manase ndiye aliyeshindwa kuwaondoa wenyeji wa Taanaki na Megido, na mahali hapo pawili ndipo aya ya 19 ya wimbo inapovitaja vita hivi. Makiri alipigana mlangoni pake.

Wako wanaomtetea Reubeni kwa umbali. Tuupime basi. Nchi yake ilikuwa mashariki ya Bahari ya Chumvi, kaskazini ya mto Arnoni, na Heshboni ulikuwa miongoni mwa miji yake (Yoshua 13:15-17). Kutoka Heshboni hadi Tabori ni zaidi kidogo ya kilomita 100 ukipima kwa mstari ulionyooka. Mtende wa Debora, uliokuwa kati ya Rama na Betheli katika nchi ya vilima ya Efraimu, uko kilomita 85 hivi kutoka Tabori, na Benyamini aliishi huko huko. Benyamini alikuja. Asheri alikaa pwani ya Ako, kiasi cha kilomita 40 tu kutoka mlimani. Asheri hakuja. Umbali peke yake hauelezi kitu. Mtu anaweza kuutaja mto Yordani, ambao Yoshua 3:15 inasema hufurika wakati wa mavuno, na kweli wimbo wenyewe unasema mawingu yalidondosha maji na mto Kishoni ukawakumba adui. Lakini Debora hamwulizi Reubeni habari za mto. Anamwuliza habari za zizi.

Maneno aliyochagua yanastahili kuangaliwa moja moja, maana ndipo tafsiri zetu zinapotofautiana na ndipo mahubiri yanapopotoka.

Neno la kwanza ni lile ambalo Biblia moja huliita vijito vya Reubeni na nyingine huliita koo au makundi yake. Kiebrania ni *pelagoti*, kutoka shina lenye maana ya kupasua au kugawa. Vijito vya maji vya Zaburi 1:3 vimetoka kwenye shina hilo, kwa kuwa kijito cha kumwagilia ni maji yaliyogawanywa. Pelegi wa Mwanzo 10:25 naye aliitwa hivyo kwa sababu katika siku zake nchi iligawanyika. Kwa hiyo tafsiri zote mbili zina haki. Ukisema vijito, unaiona nchi ya malisho yenye maji. Ukisema makundi, unawaona wazee wa koo mbalimbali wakikaa barazani, kila ukoo na neno lake. Kwa maoni yangu makundi yanaiva zaidi hapa, kwa sababu kinachofuata ni mambo ya moyo, na vijito havina moyo wa kushauriana.

Kinachofuata ndicho kiini cha aya. Aya ya 15 inasema katika makundi ya Reubeni palikuwa na maazimio makuu ya moyo. Aya ya 16 inarudia karibu sentensi nzima, lakini neno moja limebadilika herufi moja. Kwanza ni *hikekei*, maazimio, kama amri iliyochongwa kwenye jiwe. Mara ya pili ni *hikrei*, machunguzi, kupekuapekua. Herufi ya Kiebrania kofu imekuwa reshi. Wako wanaodhani mnakili aliteleza kalamu. Mimi nasimama na wale wanaoona ni ufundi wa mshairi, kwa sababu kati ya neno la kwanza na la pili ndipo lilipowekwa swali: mbona ulikaa? Kabla ya swali Reubeni ana azimio. Baada ya swali ana uchunguzi tu, na hakuna mguu ulioinuka. Mshairi yeyote wa Kiswahili anayejua kurudisha kibwagizo huku akigeuza neno moja ataona mara moja kilichofanyika.

Hapo ndipo kosa kubwa la kwanza linapotokea. Msomaji akikuta "makuu ya moyo" hudhani Reubeni anasifiwa. Sifa ingekuwepo kama aya ingeishia hapo. Neno "makuu" limewekwa ili lipimwe dhidi ya tendo, na tendo halikuwepo.

Sasa zizi. Neno la Kiebrania ni *mishpetaimu*, na mwisho wake wa *-aimu* ni alama ya vitu viwili viwili, kama macho, masikio au mikono. Reubeni basi amekaa kati ya vitu viwili vinavyofanana. Wengine husema ni kuta mbili za zizi la kondoo. Wengine husema ni mifuko miwili inayoning'inia ubavuni mwa punda, na Kiswahili tunalo jina la chombo hicho: shogi, yale makanda ya mzigo yaangukayo kulia na kushoto mgongoni mwa mnyama. Sichukui upande kwa nguvu, ila maana ya wingi wa viwili isipotee. Mtu aliyekaa katikati ya viwili hajaenda huku wala kule.

Neno hilo hilo limetokea mahali pengine pamoja tu kwa sura hiyo, katika Mwanzo 49:14, Yakobo alipowabariki wanawe. Pale anayelala kati ya *mishpetaimu* ni Isakari, punda mwenye mifupa imara ambaye aliona pumziko ni jema, akainamisha bega abebe mzigo, akawa mtumishi wa kazi ngumu. Ukiziweka aya hizi mbili kando kwa kando, utaona jambo ambalo mahubiri mengi hayaligusi. Katika wimbo wa Debora, Isakari ameinuka kutoka mahali pale na wakuu wake wako pamoja na nabii, na Reubeni ndiye aliyekuja kukaa penye nafasi iliyoachwa wazi. Kabila lililotabiriwa kulala limesimama, na mzaliwa wa kwanza wa Yakobo amelala. Anayefundisha kwamba maneno ya Yakobo yalifunga hatima ya kila kabila daima aisome aya hii polepole.

Na Reubeni anasikiliza nini hapo zizini? Tafsiri kadhaa huweka filimbi, nyingine kilio cha kondoo. Shina la Kiebrania, *sharaka*, ni kupiga mluzi, kama katika Isaya 5:26 ambapo Mungu anawapigia mluzi mataifa ya mbali waje. Wachungaji wanawapigia kondoo miluzi ili wakusanyike. Mluzi ni mwito. Baraka alikuwa akiwaita watu, na sikio la Reubeni lilikuwa kwenye mwito mwingine, ule wa mali yake.

Msikilizaji wa Debora alikuwa na sababu ya kushtuka aliposikia zizi likitajwa pamoja na Reubeni. Rudi Hesabu 32. Reubeni na Gadi walikuwa na mifugo mingi mno, wakaona nchi ya mashariki ya Yordani ni nzuri kwa malisho, wakamwomba Musa wasivuke. Musa akawauliza katika aya ya 6 kama ndugu zao waende vitani na wao wakae. Ni kitenzi kilekile cha kukaa anachokitumia Debora. Wakajibu katika aya ya 16 na 17 kwamba watajenga mazizi ya kondoo, kisha watatangulia mbele ya wana wa Israeli wakiwa na silaha. Nao walitimiza. Yoshua 4:13 inawahesabu, pamoja na nusu ya Manase, kama 40,000 waliovuka tayari kwa vita, na katika Yoshua 22 wakaruhusiwa kurudi makwao kwa baraka.

Kwa hiyo kisheria Reubeni alikuwa huru. Ahadi yake ilihusu kuiteka nchi pamoja na Yoshua, na ilikwisha kulipwa. Hakukuwa na kiapo kilichomlazimisha kuvuka tena kwa ajili ya Baraka. Uzito wa swali umetoka hapo. Debora hamshitaki mvunja kiapo. Anamkumbusha aliyewahi kujenga zizi na bado akavuka. Jambo hili linaungana na aya ya 2 na ya 9 za wimbo, zinazowasifu watu waliojitoa kwa hiari. Kitenzi chake ni cha shina moja na sadaka ya hiari. Vita hivi havikuwa na uandikishaji wa lazima. Hesabu 26 inamhesabia Zabuloni wanaume 60,500 wa kwenda vitani na Naftali 45,400, jumla 105,900. Baraka aliitiwa 10,000, chini ya mmoja katika kumi. Penye hiari, asiyekuja huulizwa. Hasomewi hukumu.

Gileadi amepata sentensi moja isiyo na swali wala laumu ya wazi: alikaa ng'ambo ya Yordani. Nitampita upesi kama Debora alivyompita.

Dani ana swali lake, mbona anakaa penye merikebu, na hapa Kiswahili cha pwani kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Kitenzi cha Kiebrania, *guri*, si kukaa kwa kawaida. Ni kukaa kama mgeni katika mahali pa watu wengine, kule tunakokuita kulowea. Dani amelowea penye merikebu. Urithi wake wa kwanza ulielekea Yafa (Yoshua 19:40-48), na baadaye kabila likahamia Laishi kaskazini (Waamuzi 18). Merikebu zile hazikuwa zake. Wenye bahari walikuwa Wafoinike na Wafilisti, na picha iliyo karibu zaidi na neno lenyewe ni ya watu wanaokula kwa kazi za bandari za wengine. Kuwaasi wafalme wa Kanaani kungemaanisha kupoteza mkate.

Asheri vivyo hivyo, ila yeye amekaa kwenye *mifratsavu* zake, neno lisilopatikana penginepo katika Biblia, lenye shina la kubomoka au kukatika. Ni mahali ufuo ulipomegeka vyombo vikapata kuingia. Mvuvi wa Kilwa au Lamu angesema hori au diko. Waamuzi 1:31 inaorodhesha miji saba ambayo Asheri hakuwaondoa wenyeji wake, Ako na Sidoni zikiwamo, na aya ya 32 inasema Asheri ndiye aliyekaa kati ya Wakanaani, si wao kati yake. Lakini asijikinge kwa hilo. Aya ya 33 inasema Naftali naye alikaa kati ya Wakanaani vilevile, na Naftali ndiye aliyeupanda mlima.

Naftali na Zabuloni wamefungiwa aya ya 18 peke yao. Zabuloni ni watu walioidharau nafsi yao hata kufa, na Naftali penye vilele vya uwanda. Vilele ni Tabori, mlima unaokaribia mita 600 juu ya usawa wa bahari na uliosimama peke yake pembeni mwa bonde tambarare la Yezreeli. Mbinu inaeleweka ukijua silaha za upande wa pili. Sisera alikuwa na magari 900 ya chuma, maana yake magari ya mbao na ngozi yaliyoimarishwa kwa chuma, si chuma kitupu, ambacho farasi wasingekivuta. Idadi hiyo si ya ajabu kwa eneo lile: Thutmose wa Tatu wa Misri, alipoishinda Megido karne ya 15 kabla ya Kristo, aliandika kwamba alitwaa magari 924. Gari halipandi mlima, hivyo 10,000 wasio na ngao wala mikuki ya kutosha (aya ya 8) walikuwa salama juu. Hatari ilikuwa kushuka. Mvua ikanyesha, udongo mzito wa mfinyanzi wa bonde ukalowa, magurudumu yakazama, Kishoni ukafurika, na Sisera mwenyewe akaliacha gari lake akakimbia kwa miguu (4:15). Anayehubiri kwamba nyota zilipigana kutoka mbinguni asiitenge aya ya 20 na ya 21. Mbingu inatajwa, na tope liko chini yake.

Zabuloni ametajwa pia katika aya ya 14, pamoja na fimbo ya *soferi*, yaani karani. Tafsiri zinazoweka kiongozi au jemadari zimeficha kazi halisi. Jeshi lilikuwa na karani wa kuandika majina ya waliokuja. 2 Wafalme 25:19 inamtaja mmoja wa aina hiyo chini ya mkuu wa jeshi. Mwenye daftari anajua pia jina lisiloandikwa. Neno la fimbo hapo, *sheveti*, ndilo neno la kabila mahali pengine, na katika wimbo mzima halikutumika kwa maana ya kabila hata mara moja. Waliokuja wanaitwa watu wa Bwana (aya ya 11). Nasisitiza hili kwa sababu neno kabila kwetu lina majeraha yake, na aya hizi zimewahi kutumika kuchochea kabila dhidi ya kabila. Wimbo haumpi Isakari ruhusa ya kumwendea Reubeni kwa mkuki.

Sehemu moja ya aya ya 14 ni ngumu kweli, ile ya Efraimu ambaye shina lake liko katika Amaleki. Nakala moja ya tafsiri ya kale ya Kigiriki inasoma "bondeni" badala ya Amaleki, tofauti ambayo katika Kiebrania ni ndogo sana. Lakini Waamuzi 12:15 inajua vilima vya Waamaleki katika nchi ya Efraimu, kwa hiyo andiko lililopo linaweza kusimama lilivyo: Efraimu alitoka katika vilima vilivyokuwa na jina hilo. Kufundisha kwamba Efraimu walikuwa na damu ya Amaleki ni kujenga ghorofa juu ya msingi wa neno moja.

Sasa Merozi. Haupo penginepo katika Biblia. Mpangilio wa wimbo unasaidia hata hivyo: aya ya 22 ni kwato za farasi wanaokimbia, aya ya 23 ni laana ya Merozi, aya ya 24 ni baraka ya Yaeli mke wa Heberi Mkeni, aliyemmaliza Sisera alipokuwa akitoroka. Merozi basi imewekwa katikati ya kukimbia kwa adui na mwanamke aliyemzuia. Naona kosa lake lilikuwa la saa ile, karibu na njia ya kukimbilia, wakati adui yuko mbele ya macho na msaada unahitajika. Anayelaani ni malaika wa Bwana, si Debora kwa hasira yake. Hilo ni tofauti kabisa na kabila lililobaki ng'ambo ya mto likishauriana.

Ninawashauri wanaoandaa somo hili wafanye mambo machache. Wasome sura ya 4 kwanza, kisha ya 5 yote kwa sauti, bila kukata aya. Wachore ramani ndogo yenye Yordani, Tabori, Kishoni, Ako na Heshboni, na kuandika juu yake makabila sita kwa rangi moja na manne kwa nyingine. Watu wakiona Asheri yuko karibu kuliko Benyamini, maswali yatakuja yenyewe. Wafungue Hesabu 32 na Mwanzo 49:14 kabla ya kufafanua zizi. Aya ya 16 ikifika, waiache iwe swali. Mchangiaji aliyechelewa kutoa ahadi yake ya ujenzi wa kanisa hastahili kuambiwa kuwa ni Merozi.

Na wasimwache Reubeni zizini, kwa sababu Maandiko hayakumwacha. Mambo ya Nyakati wa Kwanza 5:18-20 inasimulia wana wa Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, watu 44,760, waliopigana na Wahajiri wakasaidiwa kwa kuwa walimlilia Mungu. Na katika sura ya 12 ya kitabu hicho, Daudi alipokuwa Hebroni, orodha ya waliomjia inataja Zabuloni 50,000, waliojipanga bila moyo na moyo, ndivyo Kiebrania kinavyosema, yaani bila mioyo miwili. Aya nne baadaye, aya ya 37, wanatajwa waliotoka ng'ambo ya Yordani: Reubeni, Gadi na nusu ya kabila la Manase, 120,000, wenye silaha za kila namna.

Mwalimu wa Agano la Kale,
Iringa